Je, Ajali Haina Kinga?

Methali ya wazee yasema ya kwamba ajali haina kinga. Maneno haya husikiwa mara nyingi matangani, na husikiwa hasa pale ambapo handaki lililochimbwa kando ya barabara limebomoka na kumfukia kibarua. Mnyapara huyasema, mwenye kazi huyasema, na wafiwa huyaitikia kwa kuwa hawana neno lingine. Basi yatupasa tuulize: je, methali hii yasema kweli juu ya kifo cha namna hiyo, au imefanywa pazia la kufunika jambo lisilotakiwa kuonekana?

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Asili ya ajali ni Kiarabu, na maana yake ni muda uliowekwa, yaani siku ya mtu kufa. Kwa maana hiyo methali ni kweli, kwani hakuna mwanadamu awezaye kuikwepa siku hiyo. Lakini sisi twalitumia neno hilo hilo kwa kila dhara litokealo ghafula: gari kupinduka, mti kuanguka, udongo kubomoka. Hapo ndipo kosa huingia. Twauchukua ukweli wa maana ya kwanza na kuutia katika maana ya pili, tukadhani ya kwamba dhara nalo halina kinga.

Sasa tuutazame udongo. Meta moja ya udongo kwa urefu, kwa upana na kwa kimo, ina uzito wa tani moja na nusu au kuzidi, kama motakaa nzima. Kabla ya kuchimbwa, kila upande wa ardhi hushikwa na upande wa pili. Handaki likichimbwa, ukuta hukosa mshikizi wake. Mvua huuzidishia uzito na kuupunguzia nguvu, jua huupasua, malori yapitayo huutikisa, na kifusi kilichorundikwa ukingoni huulemea. Tena penye barabara, mara nyingi ardhi ilikwisha kuchimbwa zamani kwa ajili ya mabomba ikafukiwa, nayo haishikamani kama ile isiyoguswa. Mtu aliyefukiwa mpaka kifuani aweza kufa hata kichwa chake kikiwa nje, kwa maana kila atoapo pumzi udongo humbana zaidi, asiweze kuvuta nyingine. Na arukaye kumwokoa mara nyingi hufukiwa pamoja naye. Mambo haya yote yajulikana. Jambo lijulikanalo kabla halijatokea haliwezi kuitwa ajali isiyo na kinga.

Kinga zake nazo zajulikana. Huko Marekani, kanuni iliyotolewa mwaka 1989 yaagiza ya kwamba handaki lenye kina cha futi 5, yaani kama meta 1.5, au zaidi, lilindwe: ama kuta zilazwe kwa mteremko, ama zitegemezwe kwa mbao au chuma, isipokuwa pamechimbwa katika mwamba mtupu. Kifusi kikae futi 2 mbali na ukingo. Ngazi iwe karibu na wachimbaji. Na mtu ajuaye kazi akague kila siku kabla watu hawajashuka, na tena baada ya mvua. Hakuna katika hayo jambo lishindalo akili ya fundi wa kijiji chetu.

Tarehe 20 Aprili 2004, huko Singapore, shimo la reli ya chini ya ardhi, lenye kina cha meta kama 30, lilibomoka kando ya barabara iitwayo Nicoll Highway, na sehemu ya barabara ikaanguka pamoja nalo. Watu 4 walikufa. Mmoja wao alikuwa msimamizi aliyewahimiza watu wake watoke. Mwili wake haukupatikana. Tume ya uchunguzi iliona ya kwamba vitegemezi vya kuta vilikosewa katika hesabu, na ya kwamba dalili zilizotangulia hazikujaliwa kama ilivyopasa. Twamheshimu sana msimamizi yule. Walakini ushujaa wake usitusahaulishe ya kwamba yeye alilipa kwa uhai wake deni la uangalifu ambalo wengine walipaswa kulilipa kwa kalamu na kipimo.

Labda mtu atasema: “Kibarua ni mtu mzima. Aliliona shimo, akakubali mshahara, akashuka kwa hiari yake.” Lakini hiari ya mtu ambaye akikataa watoto wake watalala njaa ni hiari nyembamba. Tena aliye chini hauoni ukingo. Aliye juu ndiye auonaye ufa, na aonaye zaidi ana deni zaidi. Mkataba wa Shirika la Kazi la Kimataifa wa mwaka 1988, uhusuo usalama katika ujenzi, wampa mfanyakazi haki ya kujiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu. Haki hiyo ni njema, ila haimpunguzii mwenye kazi wajibu wake.

Mwingine atasema: “Kazi yetu ya kuchimbia bomba la maji ni ya kujitolea, haina bwana, nani atadaiwa?” Na akumbuke sheria iliyomo katika kitabu cha Kutoka, mlango wa 21. Mtu akifungua shimo asilifunike, na ng'ombe au punda akatumbukia humo, aliyelifungua ndiye alipaye. Sheria haiulizi kama mnyama alikuwa mzembe. Yamtazama yule aliyefungua ardhi. Ikiwa ndivyo kwa punda, si zaidi kwa mtu? Basi tukichimba sote, sote tumefungua, na kila mmoja wetu adaiwa. Kwa hiyo, kabla ya sururu ya kwanza, na achaguliwe mtu mmoja mwenye uwezo wa kusimamisha kazi, ambaye hata mwenyekiti wa kijiji atamtii awapo ukingoni. Wapita njia nao wasijione wametengwa: aondoaye mbao za uzio kwa kuni, na dereva asiyepunguza mwendo penye bendera nyekundu, wote wawili washiriki katika kuubomoa ukuta.

Methali ya wazee haina kosa. Kosa ni letu tuitumiapo kabla ya wakati wake. Tukiisha kutegemeza kuta, kuweka ngazi na kumsimamisha mlinzi, na hata hivyo mtu akafa, tutasema ajali haina kinga, nasi tutakuwa tumesema kweli mbele ya mjane wake. Lakini pasipo hayo, na tumwulize kwanza mwenye kazi, na tujiulize sisi wenyewe, mbao zilikuwa wapi.