Gari Liacheni Bara

Wanangu, kila Mfungo Sita ukikaribia, hapa Masuguru maneno huwa ni yaleyale. Mnachanga fedha za mafuta, mnakodi Noah ya mtu, safari ya Lamu kwenye Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, alikosomesha Habib Swaleh. Nendeni, ni safari ya kheri. Kisha mmoja wenu huja barazani kuniuliza gari litalala wapi mjini. Swali hili limenichosha, lakini nitalijibu tena, maana gari lenyewe ni la watu.

Lamu ni kisiwa, na daraja hakuna. Ule mji mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, ulijengwa kwa watu na punda. Ukiwa kichochoroni, punda akija na mawe ya kujengea pande zote mbili, huna budi kujibanza ukutani mpaka apite. Noah utaigeuzia wapi? Msitafute mjanja wa kuwavusha.

Gari linaishia Mokowe, upande wa bara, na hapo mnapanda boti. Basi msiliache popote penye kivuli mkakimbilia gatini. Ulizeni nani analinda, mpatane bei kabla hamjashusha mizigo, mchukue jina lake na namba ya simu, mmwambie na siku ya kurudi. Juu ya viti kisibaki kitu, hata koti. Mkikaa siku nyingi, fungueni waya wa betri. Na chini ya mnazi msiegeshe kabisa. Nazi moja tu ikidondoka, kioo cha mbele hamna.

Lakini mkinisikiliza mimi, gari lisifike Mokowe. Kutoka hapa mtashika Segera, Tanga, mvuke mpaka Horohoro mkiwa na ile kadi ya njano ya bima, halafu kivuko cha Likoni. Mkishaingia Mombasa, mwenye ndugu pale amwombe nafasi uani, gari lilale ndani ya geti, nyie mpande basi. Asiye na ndugu Mombasa huenda anaye Malindi. Maana kutoka Garsen kwenda Witu na kuendelea hadi Mokowe ni njia ambayo watu wameuawa. Mauaji ya Mpeketoni ya mwaka 2014 hatujayasahau. Dereva wa basi anajua saa za kupita na vizuizi vya polisi vilipo. Nyie mtakuwa wageni, na namba za gari za Tanzania, kila mtu anawaona. Sisemi haya kuwatisha. Nina wazazi wenu hapa, ndio watakaokuja kukaa nami barazani simu zenu zisipopatikana.

Mkishindwa yote hayo, basi fikeni Mokowe jua lingali juu.

Na gari la kukodi ni amana. Kabla hamjaliwasha, nendeni kwa mwenyewe mkamwambie litalala wapi, chini ya ulinzi wa nani. Akikataa, mrudishieni ufunguo wake, mpande basi tangu Segera.