Maneno Haya Ni ya Nani?

Sidhani yuko mtu wa Kyela asiyeudhika afikapo Dar es Salaam na kukuta mchele wa mahali pengine ukiuzwa kwa jina la Kyela. Mchele ule ni chakula chema. Mnunuzi ataupika na kushiba. Hata hivyo twasema tumeibiwa. Tumeibiwa nini? Mpunga wetu ungali ghalani, wala hakuna gunia lililopungua. Kilichochukuliwa ni jina, na pamoja na jina ile kazi ya watu walioinama mashambani miaka mingi hata mchele huu ukasifiwa kwa harufu yake.

Nimeanza na mchele kwa kuwa neno nitakalo kulisema huhesabiwa kuwa la watu wa shule kubwa tu, yaani jinsi ipasavyo kuonyesha katika maandishi habari ulizozipata kwa wengine. Vyuoni vijana huteseka sana kwa jambo hili. Jina la mtunzi litangulie, ndipo mwaka, ndipo jina la kitabu kwa herufi zilizolala, ndipo mchapaji. Hapa nukta, pale mkato. Wengi hudhani ni adhabu iliyobuniwa na walimu wasio na kazi. Nami nilidhani vivyo hivyo.

Walakini Mkristo aijua desturi hii tangu utoto wake, maana hujifunza kutaja kitabu, sura na mstari. Tena alama hizo hazikuwako tangu mwanzo. Sura tuzitumiazo husemwa kuwa ni kazi ya Stephen Langton, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury katika karne ya 13. Na mistari ya Agano Jipya iliwekewa hesabu na mchapaji Mfaransa, Robert Estienne, mwaka 1551. Kabla ya hapo mtu aliweza kusema tu kwamba nabii fulani amesema. Mwandishi wa Waebrania, katika sura ya 2, aleta maneno ya Zaburi bila kumtaja mwenyewe wala mahali yalipo; asema tu kwamba yuko mtu aliyeyashuhudia mahali fulani. Leo mwanafunzi wangu akiandika hivyo ningemchorea mstari mwekundu!

Basi faida ya sura na mstari ni nini? Ni hii: mama mzee aketiye benchi la nyuma kanisani Matema aweza kufungua kitabu chake na kutazama kama mhubiri asema kweli. Watu wa Beroya wasifiwa katika Matendo, sura ya 17, kwa kuwa walimsikiliza Paulo kwa moyo, kisha wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo. Nao hawakuhesabiwa kuwa wajeuri. Atajaye chanzo cha habari zake humpa msomaji njia ya kwenda kujionea, naye mwandishi akubali kupimwa.

Hiyo ni kazi ya kwanza. Ya pili ni haki ya mwenye neno. Katika Yeremia, sura ya 23, Mungu awakasirikia manabii waibianao maneno. Naye Luka, kabla ya kuanza Injili yake, akiri kwamba wengine wamekwisha kuandika, na ya kuwa habari zilitoka kwao waliozishuhudia. Lakini mtu aweza kuuliza: Je, neno ni kama kuku? Ukimchukua kuku wa jirani, banda lake ni tupu. Ukichukua neno lake, yeye angali nalo. Namjibu kwa mchele ule ule. Tena naongeza: achukuaye maneno bila kutaja mwenyewe asema uongo juu ya nafsi yake, maana awaambia wasomaji ya kwamba ni yeye aliyekwenda, akauliza, akachoka. Siku hizi simu yatosha kumletea mvivu ukurasa mzima, naye huutia sahihi yake kabla uji haujapoa.

Mpaka hapo sidhani tutashindana. Shida yaanza pale ambapo mwenye neno hakuliandika.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikijiendeleza katika chuo kimoja, nikaagizwa kuandika karatasi juu ya mila za kwetu. Nikachagua vile vijiji vya zamani, ambamo wavulana wa rika moja walitoka nyumbani kwa baba zao na kujijengea vibanda mahali pao wenyewe. Kitabu kikuu katika habari hiyo ni Good Company cha Bibi Monica Wilson, kilichotolewa mwaka 1951. Yeye na mumewe, Godfrey Wilson, walifanya uchunguzi wao katika nchi ya Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938. Bwana Godfrey alikufa mwaka 1944, na mkewe akaiendeleza kazi kwa maandishi ya wote wawili. Ni kitabu cha thamani, nami nakishukuru. Lakini yaliyomo yalitoka wapi, kama si vinywani mwa wazee wetu? Alikuwako pia karani na mkalimani wao, Leonard Mwaisumo, aliyewasaidia kusikia na kuelewa. Kazi yake na ya wasaidizi wengine ilielezwa kwa mapana katika kitabu kilichohaririwa na Andrew Bank na Leslie Bank mwaka 2013, yaani miaka 62 baada ya Good Company.

Mbali na kitabu hicho nilimwendea mzee mmoja wa upande wa ziwani. Alasiri mbili alinieleza jinsi wavulana walivyozunguka pamoja kula, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. (Simtaji hapa gazetini, kwa kuwa ruhusa niliyomwomba ilikuwa ya karatasi ya chuo tu.) Nikaweka jina lake katika orodha ya marejeo, mwishoni mwa karatasi, karibu na jina la Wilson. Mkufunzi akalifuta. Akanionyesha kanuni za chama cha wanasaikolojia cha Marekani, ambazo vyuo vingi huzifuata: mazungumzo ambayo msomaji hawezi kuyapata tena hutajwa ndani ya maandishi tu, wala hayaingii katika orodha. Mkufunzi hakukosea, ndivyo kanuni isemavyo, na sababu yake ni ile ile ya watu wa Beroya. Nikatii, maana nilitaka alama.

Baadaye nilisoma ya kwamba huko Kanada, mwaka 2021, mkutubi mmoja wa kabila la Wakree, Lorisia MacLeod, alitoa kielelezo kingine kwa ajili ya wazee watunzao elimu ya makabila yao: jina la mzee, watu wake, mahali akaapo, jambo alilolifundisha na tarehe, vyote ndani ya orodha pamoja na vitabu. Naona amesema haki. Kanuni ile ya kwanza yamtunza msomaji, lakini yamsahau mwenye neno. Na mtu asiyeandika hadhaniwi tena kuwa ni chanzo, bali kama kisima kisicho na mwenyewe.

Ila sikuyajua hayo nilipompelekea mzee karatasi yangu. Mjukuu wake akaisoma kwa sauti, nasi tumeketi chini ya mwembe. Alipoimaliza orodha, mzee akauliza, “Mwalimu, na mimi ni wapi?” Nikamweleza kwamba orodha ile ni ya vitu ambavyo mtu mwingine aweza kuvitafuta akavipata. Akanitazama kidogo, akasema, “Kumbe mimi sipatikani? Nami nimeketi hapa.”

Nikaona haya, nikamwambia nitaiandika upya. Hapo akaninyoshea mkono kunizuia. “Ukiandika, usiseme kwamba mimi niliona. Zamani zangu mambo yale yalikuwa yakiisha. Mjomba wangu ndiye aliyelala katika vibanda vile. Mimi nimesikia kwake. Mwandike yeye kwanza, kisha mimi.”

Nikafungua ukurasa wa pili. Kweli nilikuwa nimeandika ya kwamba mzee aliyekaa humo asimulia. Sikuwa nimemwuliza. Ndugu zetu Waislamu wana neno isnadi, yaani mnyororo wa majina ya watu waliopokezana habari moja, ili pete iliyo dhaifu ijulikane; nami mwalimu, niliyesifiwa kwa mikato yangu, nilikuwa nimeikata pete moja bila kujua.

Jioni ile, kwa taa, niliandika karatasi mpya: jina la mjomba, na ya kwamba amekwisha kufa; jina la mzee, kijiji chake, jambo alilonieleza na tarehe mbili za mazungumzo yetu. Nikaigundisha mwishoni mwa nakala yangu. Nakala nyingine nikampelekea mzee, naye akaitia ndani ya Biblia yake. Ile ya chuoni ipo kama ilivyokuwa.