Saa Iliyoundwa Ifunguliwe

Mwaka 1715 mwanafalsafa wa Kijerumani, Leibniz, alimwandikia barua Caroline, mke wa mrithi wa kiti cha ufalme cha Uingereza, akimkejeli Newton na wafuasi wake. Newton alikuwa amedokeza kwamba mwendo wa sayari hupotoka kidogo kidogo mpaka utakapohitaji kurekebishwa. Kwa Leibniz hiyo ilikuwa sawa na kumtukana Mungu: Muumba gani huyo wa kutia saa yake ufunguo, kuisafisha na kuitengeneza kila baada ya muda? Fundi anayerudiarudia kazi yake ni fundi mbovu. Hoja hiyo ingali hai midomoni mwa watu wasiomjua Leibniz hata kwa jina, kila mmoja wao anapouliza kwa nini dunia iliyoumbwa na Mwenyezi ihitaji kuombewa mvua. Mimi naona imekosea, na kosa lake limo ndani ya saa yenyewe.

Saa ya mkono ya kutia ufunguo, ya mtindo wa zamani, hugonga mara 5 kwa sekunde, yaani mara 432,000 kwa siku. Ncha za mhimili wa gurudumu la mizani huchezea ndani ya vijiwe vya rubi vilivyotiwa mafuta kidogo mno, na mafuta hayo hukauka hata saa ikilala kabatini. Ndiyo maana inashauriwa ifanyiwe sevisi kila baada ya miaka kadhaa. Mwenye saa atarajie kukaa bila saa kwa siku kadhaa. Fundi hufungua mfuniko wa nyuma, huilegeza kamani kwanza isije ikafyatuka, hutoa magurudumu moja moja, huosha kila kipande, hutia mafuta, huunga upya, kisha huiacha itembee akiipima ikiwa imelala na ikiwa imesimama wima, kwa kuwa mwendo wake hubadilika kwa mkao. Atarajie pia kwamba hata baada ya hayo yote itapishana na saa ya redio kwa sekunde chache kila siku. Hakuna katika haya linalomwaibisha aliyeiunda. Vyuma vikisuguana huchakaa, na yeye alilijua hilo, maana aliifunga kwa skrubu. Skrubu ni ushahidi kwamba tangu mwanzo alimtegemea mtu mwingine, asiyemjua, mwenye bisibisi na subira. (Zipo saa zilizozibwa moja kwa moja, zikisimama hutupwa, wala sijasikia mtu akizisifu kwa ukamilifu.)

Leibniz na Newton, pamoja na ugomvi wao wote, walikubaliana bila kusema kwamba anayeitengeneza saa ni yuleyule aliyeiunda. Lakini saa ya Uswisi ikisimama mjini Katesh, Tanzania, anayeifungua ni fundi wa jirani. Vivyo hivyo na ardhi. Wairaqw wamelima miteremko ya Kainam, wilayani Mbulu, kwa vizazi na vizazi, kwa kuurudishia udongo samadi ya ng'ombe na kupanga matuta ya kuzuia maji. Hao hao, wazee wao wakikutana, humwomba Looaa, ambaye jua ni lake, katika slufay, dua ndefu inayoitikiwa na wote waliokaa. Mtu atasema: kama mikono ya watu ndiyo inayotunza, basi Mungu amebaki mfalme wa jina tu. Clarke, aliyemjibu Leibniz kwa niaba ya Newton, aliogopa jambo la namna hiyo. Lakini samadi haileti mvua, na mvua haibebi samadi hadi shambani. Mzee anayeomba asubuhi na kushika jembe mchana haoni kwamba kazi moja imeifuta nyingine, nami sioni kwa nini aone.

Pingamizi zito zaidi linatoka Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Saa hufanyiwa sevisi ikiwa imesimamishwa, na vipande vyake havisikii maumivu; dunia haisimamishwi, na sisi tumo ndani yake. Hapo mfano wa saa unakoma, na anayeusukuma mbele zaidi anawakosea waliozika. Siwezi kusema kwamba tope lile lilikuwa matengenezo, wala kwamba kuna mkulima aliyezembea kule juu kwenye mwamba laini ulionyonya maji. Niliyoyasema hayathibitishi kwamba Muumba ni mwema. Yanaonyesha tu kwamba haja ya kutunzwa, peke yake, haimshtaki. Anayemkana Mungu kwa ajili ya Katesh ana hoja, nayo inadai jibu lenye uzito wake, ambalo halitapatikana mezani kwa fundi saa. Anayemkana kwa sababu shamba la Kainam linahitaji samadi kila mwaka hana hoja yoyote.