Hatia ya Aliyepima

Mtume Muhammad (S.A.W.) alifundisha kwamba tauni ikizuka katika nchi, aliye nje asiingie, na aliye ndani asitoke kwa kuikimbia. Wajibu huo ni mzito, kwa sababu unamtaka mtu abaki penye kifo ili wengine wasalimike. Lakini mafundisho hayakuishia hapo. Aliyebaki kwa subira na kumtegemea Mungu aliahidiwa malipo ya shahidi, hivyo wajibu wake ukaenda sambamba na heshima yake.

Sheria za zama hizi zimeubakiza wajibu, heshima zikaiacha.

Nchini Kenya, kifungu cha 26 cha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 kinamhusu anayejua kuwa ana VVU, kisha akafanya kusudi jambo analojua, au alilopaswa kujua, kwamba laweza kumwambukiza mwingine. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 15, na chaweza kuwa cha maisha, hata kama hakuna aliyeambukizwa. Maneno yake ni mapana kiasi cha kumfikia mama anayemnyonyesha mwanawe.

Anayeazimia kumwangamiza mwenzake kwa virusi, akafanikiwa, ana hatia sawa na aliyemtilia sumu chakulani. Hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba sheria imejenga msingi wake juu ya kujua. Anayekwepa kupima hashikiki, japo ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kuambukiza. Aliyejikaza akaenda kituoni, akapokea majibu na kuanza dawa za ARV, huyo ndiye ambaye kadi yake ya kliniki inaweza kugeuka ushahidi dhidi yake. Haki gani inamwadhibu mtu kwa kutimiza sehemu ya kwanza ya wajibu wake?

Tena dawa zimebadili hata maana ya hatari. Utafiti wa PARTNER, uliofuatilia mamia ya wapenzi barani Ulaya ambao mmoja ana VVU na mwenzake hana, haukupata hata ambukizo moja kutoka kwa mwenza ambaye virusi vyake vilikuwa vimefubazwa kwa dawa.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilifuta kipengele chake cha kuharamisha uambukizaji wa VVU mwaka 2018, na Zimbabwe ikafuata 2022. Mwishoni mwa mwaka huohuo, Mahakama Kuu ya Kenya ilitupa ombi la kukibatilisha kifungu cha 26. Kingali kinatumika, huku serikali hiyohiyo ikiwahimiza wananchi wajitokeze kupima.