Je, Apumzikaye Amemtupa Mzazi Wake?

Katika sharika za Kibondo na Kasulu, kama kwingineko, husifiwa sana binti amtunzaye mama yake mzee aliyepotewa na kumbukumbu. Watu husema, "Ana subira huyu; Mungu atamlipa." Wakiisha kusema, huenda zao mashambani. Naye hubaki mlangoni, maana akienda kuteka maji, mama hutoka kuitafuta nyumba ya baba yake aliyekufa zamani. Twauliza basi: je, ni halali binti huyo amwache mama yake kwa wengine kutwa moja, ili apumzike? Au ni kuivunja amri ya nne?

Kwanza tulijue jambo lenyewe. Kusahau huku si uchawi wala laana. Ni ugonjwa wa ubongo. Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza mabadiliko aliyoyaona katika ubongo wa mwanamke mmoja aliyekufa akiwa na ugonjwa wa namna hii. Hapa Tanzania, wazee wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walipochunguzwa, ilionekana kwamba katika kila watu 100 wenye miaka 70 na zaidi, kama 6 walikuwa nao. Habari hizo zilichapwa mwaka 2013. Dawa ya kuuondoa haijapatikana. Kwa hiyo mzigo wake si wa majuma mawili kama homa, bali ni wa miaka, na mara nyingi humwangukia mtu mmoja.

Wako wasemao, "Mama alinibeba mgongoni, nami sitamwachia mtu mwingine." Neno hili ni jema, wala hatulidharau. Lakini mama yule alipokuwa akilima, ni nani aliyemshika mtoto? Alikuwa bibi, au shangazi, au dada mkubwa, au jirani. Wala hapakuwa na mtu aliyesema kwamba amemtupa mwanawe, kwa kuwa jioni alirudi. Mbona basi twamhesabia binti hatia kwa neno tulilomruhusu mama yake?

Bwana wetu naye, alipokuwa msalabani, alimweka mama yake mikononi mwa mwanafunzi (Yohana 19). Hakuivunja amri, aliitimiza kwa mikono ya mwingine. Na mwaka 1527, katika siku za tauni, Martin Luther aliwajibu wachungaji wa Breslau waliouliza kama Mkristo aweza kuukimbia ugonjwa. Alifundisha kwamba mtu aliyefungwa na wajibu kwa mwenziwe asimwache peke yake. Lakini wakiwapo wengine wa kutosha kumtunza, hana hatia akiondoka. Kipimo chake si kwamba mtu ameondoka, bali kama mgonjwa ameachwa bila mtu.

Hapo ndipo swali linapotugeukia sisi. Ikiwa binti aweza kupumzika pale tu alipo mwingine, huyo mwingine ni nani? Katika Marko 7 Bwana aliwakemea waliotaja korbani ili wasiwasaidie wazazi wao. Twaogopa kwamba sifa zetu zimekuwa korbani ya namna yake: twampa Mungu maneno, na mkono twauzuia. Twahesabu siku ambazo binti hakuja kwaya, wala hatuulizi ni nani angekaa na mama yake.

Na kazi yenyewe si kubwa kupita nguvu zetu. Yatosha siku moja katika juma, chumba cha kanisa au ua wa nyumba moja, watu wawili au watatu waaminifu, uji, maharage ya kupukuchua, na nyimbo ambazo wazee walijifunza ujanani. Huko Hai wagonjwa 34 walikusanywa katika vikundi vidogo, vikao 14, kwa mazungumzo na kazi za kuamsha akili. Na habari zilizochapwa mwaka 2017 zaonyesha kwamba walipata nafuu ya akili, na wasiwasi wao ulipungua.

Mtu atasema, "Mzee atalia, kwa kuwa hajui alipo." Ni kweli, yaweza kuwa hivyo. Basi aanze kwa saa moja, binti akiwa karibu. Nyuso zisibadilike wala mahali pasibadilike. Akizidi kufadhaika, msaidizi na aende kumkalia nyumbani kwake. Mwingine atasema, "Yote atayasahau kabla ya jua kuchwa." Hata mtoto mchanga husahau maziwa aliyonyonya, lakini yamemkuza. Furaha ya saa moja ni furaha ya kweli ingawa haikumbukwi. Tena sisi sote hatuishi kwa kuwa twamkumbuka Mungu, bali kwa kuwa yeye hatusahau (Isaya 49).

Lakini amwachaye mzazi wake asirudi, huyo amemtupa kweli, hata akimlipia gharama zote. Alama ya mwenye kupumzika ni kwamba jioni huja kumchukua mzee wake.

Wazee wa kanisa nanyi wainjilisti, katika mkutano wenu ujao, kabla ya kusoma hesabu ya sadaka, ulizeni: ni nani katika mtaa wetu ambaye hajaweza kuja ibadani kwa sababu ya kumtunza mgonjwa wa namna hii? Liandikeni jina lake, na chini yake majina ya watu wawili watakaokwenda kwake, na siku yao.