Nani Alimpa Tommy Shelby Mamlaka?

Mamlaka ni haki ya kuamuru na kutiiwa. Mwenye bastola anaweza kumlazimisha mtu, lakini anayelazimika kuichomoa kila anapotaka jambo lifanyike hajapata mamlaka bado. Familia ya wahalifu ni mahali pazuri pa kulipima wazo hili. Haina katiba wala uchaguzi, na hata hivyo yumo anayesema na wamo wanaotenda. Kipindi cha kwanza cha tamthilia ya Uingereza Peaky Blinders, iliyotungwa na Steven Knight na kuanza kurushwa na BBC Two tarehe 12 Septemba 2013, kinaliingia suala hilo moja kwa moja.

Kisa kinatokea Birmingham mwaka 1919, katika mtaa wa viwanda wa Small Heath. Ndugu wa ukoo wa Shelby wamerejea kutoka vitani Ufaransa na kushika tena biashara ya kupokea madau ya mbio za farasi. Kupokea dau mitaani kulikuwa kumepigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1906, na maduka ya kazi hiyo hayakuhalalishwa hadi sheria ya mwaka 1960. Kwa hiyo aliyedhulumiwa dau lake hakuwa na hakimu wa kumwendea.

Januari ya mwaka huohuo wa 1919, mwanasosholojia Mjerumani Max Weber alitoa mhadhara mjini Munich kuhusu siasa, akataja misingi mitatu ya utii: mila, mvuto wa kipekee wa mtu, na sheria. Yote mitatu imo katika kipindi hiki. Arthur ndiye kifunguamimba, na kwa mila kiti ni chake. Mdogo wake Tommy, anayeigizwa na Cillian Murphy, ana mvuto. Inspekta Campbell, aliyeletwa kutoka Belfast kutafuta bunduki zilizoibwa katika kiwanda cha silaha cha BSA, anakuja na sheria, ingawa sheria yenyewe imekwisha kutiwa doa: Winston Churchill, Waziri wa Vita wa mwaka huo, anaonyeshwa akimruhusu kuua mradi asiache alama.

Lakini mgawanyo wa Weber hautoshi kueleza kinachotokea kikao cha familia kinapoitishwa. Arthur analeta habari za ujio wa inspekta, na papo hapo inadhihirika kwamba Tommy anazijua kwa undani zaidi, kwa kuwa aliwauliza polisi wanaolipwa na familia. Hakuna aliyetishwa. Arthur anabaki na kiti, nao wote wanamgeukia mdogo wake. Hapo kiini cha mamlaka ya Tommy kinaonekana: anajua wasichokijua wengine, na ndiye anayepima kiasi cha kuwagawia.

Silaha yake kuu ni imani ya watu, na tangu mwanzo wa kipindi anaitumia. Farasi mweusi anapulizwa unga mwekundu hadharani ili wakazi waamini amefanyiwa dawa ya ushindi, wakimbilie kuweka dau. Baadaye Danny, askari mwenzake aliyeharibiwa akili na vita, anamuua Mwitaliano, na ndugu wa marehemu wanadai damu. Tommy anampiga Danny risasi mbele yao, na mwili unaangukia ndani ya mashua. Kumbe ilikuwa maigizo: ubongo uliomwagika ni wa kondoo, na Danny yu hai. Waitaliano wanaondoka wakiamini haki imetendeka. Ni huruma kwa Danny, hilo lisipuuzwe, lakini ni huruma inayoendeshwa kwa njia ileile ya unga mwekundu.

Anayeliona tatizo ni shangazi Polly, aliyeigizwa na Helen McCrory. Wanaume walipokuwa vitani, biashara yote ilikuwa mikononi mwa wanawake, naye akiwa kiongozi wao. Anapouliza kilichobadilika, Tommy anajibu kwamba wanaume wamerudi, kana kwamba kurudi kunatosha kuwa hoja. Swali la Polly ni zito kuliko jibu lake. Haki ya Polly haitokani na mila, wala mvuto, wala sheria. Inatokana na kazi iliyofanyika na hesabu zilizotunzwa. Isitoshe, yeye ndiye anayemdai Tommy maelezo. Anagundua kwamba bunduki zilizoibwa zimo mikononi mwa familia, na anamtaka aziache mahali ambapo polisi wataziona.

Mwishoni Tommy anaamua kuzificha bunduki hizo. Hilo linabadili maana ya utii wote ulioonyeshwa kabla yake. Anayetii huku akijua anachokiingia ametoa ridhaa, na anayetii huku amefichwa hatari inayomkabili ametumiwa. Arthur anapigwa na watu wa Campbell kwa sababu ya shehena asiyoijua, na maumivu hayo ni gharama ya siri ya mdogo wake. Wafanyakazi wa Small Heath wanaweka mishahara yao juu ya farasi bila kujua kwamba mbio zimepangwa. Hata Grace, mhudumu mpya wa baa ya Garrison, ni mpelelezi wa Campbell. Tommy naye ana asichokijua.

Kwa kipimo hicho, Tommy Shelby ana utii wa familia yake bila kuwa na haki ya utii huo. Mwenye haki hiyo katika kipindi hiki ni Polly, naye ndiye aliyepuuzwa.