Foto nzuri na haki ya kile kinachopigwa

Vijana wawili wa mwaka wa tano hapa Kalemie walituletea telefone zao ili tuamue foto ipi iko bora. Ya kwanza ilikuwa ya nondo, kipepeo mkubwa wa usiku ambaye wataalamu wanamwita Bunaea alcinoe, mabawa wazi, yale macho mawili ya kuchorwa yanakutazama kabisa. Ya pili ilikuwa ya bandari yetu ya zamani asubuhi, majengo na ziwa tu, hakuna hata mtu mmoja, sawa vile karti-postali ya wakati wa Albertville.

Tukauliza walifanyaje. Wa kwanza alimfungia nondo ndani ya karto usiku mzima, kisha akamtandaza mabawa kwa pini. Wa pili aliwaomba wamama wanaouza ndakala wasogee na mabeseni yao. «Mwalimu, walikuwa wanaharibu foto.»

Basi swali letu ni hili: kupenda uzuri wa kitu kunatupa haki gani juu yake?

Nondo wa aina hii akishakuwa mkubwa hana kinywa cha kulia. Anaishi kwa mafuta aliyoyaweka wakati wa ukiwavi, na siku zake ni chache sana. Usiku mmoja ndani ya karto si kitu kidogo kwake. Tena yale macho huyaficha akipumzika; anayafunua akiogopa. Kumbe tulikuwa tunasifu woga.

Mtu atatucheka: ninyi mnaokula viwavi vyake kwa sahani, leo mnamlilia mmoja? Ni kweli tunakula, na ni vitamu. Lakini anayekula anasema anakula. Foto ile inasema «nilimkuta hivi», na hakumkuta hivyo.

Na bandari? Kituo hiki kilianzishwa mwaka 1891, reli ikafika ziwani mwaka 1915. Tangu hapo kuna wapakizi, wasafiri, wauzaji wa samaki. Maji yalipopanda mwaka 2024, ni watu wa kando ya ziwa walioteseka. Bandari tupu haijawahi kuwako, isipokuwa kwenye foto ya kijana wetu.

Nchi hii inalijua jambo hilo. Kule Mpala, Storms alijenga boma lake mwaka 1883. Desemba 1884 watu wake walimuua chifu Lusinga, na kichwa chake kikapelekwa Ubelgiji pamoja na vitu vingine vya kukusanywa. Hatusemi mtoto mwenye telefone ni Storms, hapana. Lakini njia inaanzia palepale: kuona kitu na kusema, hiki nitakibeba, mwenyewe akae pembeni.

Kijana wa bandari alirudi kwa wamama wale kuomba foto pamoja nao. Mmoja akamjibu: «Mtoto wangu, ngoja kwanza nivae kitenge safi.» Akaenda nyumbani, akarudi, akasimama nyuma ya beseni yake kama bibi arusi. Tukajiuliza, je, hiyo nayo si kupanga foto? Ni kupanga. Ila safari hii aliyepanga ni mwenye sura.

Yule wa nondo bado hajatuletea nyingine.